Siku Ambayo Mwili Umekataa

Mhadhara uliosomwa Morogoro mbele ya walimu, walimu wanafunzi na wazazi

 

Nimeombwa nizungumze juu ya motisha. Ombi nimelipokea kwa moyo mmoja, ila neno lenyewe naomba niliweke kando. Katika ofisi zetu motisha imekwisha kuwa kitu cha kupewa: posho, bahasha, cheti cha mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Sina ugomvi navyo, na anayevistahili avipate. Mimi nimekuja kwa ajili ya asubuhi ambayo hakuna wa kukupa chochote. Jogoo amewika, adhana imekwisha, watoto wanatafutana na soksi, nawe umekaa ukingoni mwa kitanda unaitazama miguu yako kama vile ni ya mtu mwingine. Asubuhi hiyo hakuna anayesema “sina motisha.” Tunasema “mwili umekataa.” Siku nyingine tunasema “sina moyo.” Ukisikiliza vizuri, hizo ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza inasema nataka ila siwezi. Ya pili inasema naweza ila sioni sababu. Lugha yetu ilikwisha kuzitenganisha kabla ya madaktari kuja na vipimo vyao. Sisi ndio tumezirundika pamoja tukaziita uvivu.

Mvivu, kwa jinsi ninavyomwelewa mimi, ana nguvu na hataki kuzitoa. Aliyechoka anataka kutoa na hana. Kuwachanganya hao wawili ni dhuluma, na ninasema hivyo kwa sababu niliwahi kujidhulumu mwenyewe kwa karibu miaka miwili.

Nilikuwa nahariri vitabu vya shule. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili. Ikafika wakati nikipanda ngazi lazima nisimame katikati, mkono ukutani, nikijifanya natafuta kitu kwenye pochi ili wanaopita wasiulize. Ukurasa niliozoea kuumaliza kwa dakika kumi ukawa unanila saa nzima. Nausoma mstari, nafika mwisho, sikumbuki mwanzo wake. Mkuu wangu wa kazi aliniita akaniambia nimekuwa mvivu. Sikumbishia. Nilikuwa nimekwisha kujihukumu hivyo hivyo. Nikanunua kitabu cha kuwatia watu ari. Nikabandika maneno makali kwenye kioo cha chumbani. Nikatega kengele ya saa kumi alfajiri, maana kitabu kilidai washindi huamka mapema. Kila ilipolia niliamka, nikakaa, na nikazidi kuamini kwamba tabia yangu imeoza.

Kilichoniokoa hakikuwa kitabu. Nilimpeleka mwanangu zahanati ana mafua. Muuguzi alipomaliza na mtoto akanitazama usoni, akanivuta kope ya chini ya jicho kwa kidole gumba, akasema, “Mama, na wewe kaa hapo tukupime.” Damu yangu ilikuwa 7.4. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau 12, na chini ya 8 huhesabiwa kuwa upungufu mkubwa. Damu ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni kwenda kwenye misuli na ubongo. Mimi nilikuwa nikiuchapa mjeledi mwili ambao mizigo yake yote ilikuwa ikisafiri kwa gari moja badala ya mawili.

Chanzo kilikuwa hedhi iliyonitoka kwa wingi mno, jambo nililolichukulia kuwa fungu la wanawake wa ukoo wetu, tusilosemeana. Na chai ilichangia. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi kila mlo, kikombe kimoja kabla ya kushiba na kingine baada ya kushiba. Chai ina kitu kinachoshikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Sikuambiwa niache chai. Niliambiwa niitenge na chakula kwa saa moja au mbili, niikamulie mboga ndimu, nimeze vidonge vya kuongeza damu bila kuruka siku, na nitibiwe hiyo hedhi. Baada ya kama miezi mitatu nilifika ghorofa ya pili, nikafungua mlango, nikakaa kwenye kiti, ndipo nikashtuka kwamba sikusimama kwenye ngazi. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–2016 hapa Tanzania ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wamepungukiwa damu. Tazameni kushoto na kulia kwenu. Humu ndani wamo wanaojiita wavivu ambao hawahitaji mhadhara wangu. Wanahitaji kipimo cha dakika chache. Sukari huchosha. Tezi ya shingoni ikilegea huchosha. Malaria isiyotibiwa ikaisha huchosha, na sonona nayo huuchosha mwili, si roho peke yake. Kwa hiyo uchovu uliokaa wiki mbili tatu bila sababu unayoijua, upeleke ukapimwe kabla hujaupeleka msikitini, kanisani au kwa mshauri. Kisha nenda huko nako, ukipenda.

Usingizi nitaugusa kwa jambo moja tu, kwa kuwa lilinishangaza. Mwaka 2003 watafiti huko Marekani walichapisha matokeo ya watu waliolala saa sita kila usiku kwa wiki mbili mfululizo. Si saa mbili, wala tatu. Saa sita, ambazo wengi wetu tungezishukuru. Mwisho wa wiki hizo mbili umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kulingana na wa mtu aliyekesha. Walipoulizwa wanajionaje, walisema wamechoka kidogo tu. Yaani deni la usingizi humwibia mtu nguvu, halafu humwibia na macho ya kuona kwamba ameibiwa. Kahawa hailipi deni hilo. Tangu tunapoamka ubongo hukusanya kemikali inayotuambia tulale; kahawa huziba masikio yasiisikie sauti hiyo. Kemikali ipo pale pale, inangoja mlango ufunguke. Unajiona una nguvu kumbe umekopa.

Sasa niseme na yule ambaye damu iko sawa, amelala, hana homa, na bado leo mwili ni mzito. Siku hizo zipo kwa kila binadamu. Na ndipo mara nyingi tunaposimuliwa habari ya mkimbiaji wetu, John Stephen Akhwari.

Nampenda Akhwari, mwana wa Mbulu, na nisingetaka habari yake isahaulike. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji 75 walianza mbio za marathoni za Olimpiki. Yeye alianguka njiani, goti likateguka, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa 57, na wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine 18 hawakumaliza.

Lakini nimesikia habari hii ikitumiwa kumwambia mwalimu aliyechoka Jumatano ya kawaida kwamba anapaswa kukimbia na goti lililoteguka. Hapo naikataa. Ile ilikuwa siku ya mashindano, na mashindano ya namna ile huja mara moja katika miaka minne. Mtu akiifanya kila Jumatano yake kuwa Mexico City, goti halitapona kamwe.

Mkitaka mwanariadha wa kutufundisha juu ya siku za kawaida, twendeni Kaptagat, nyanda za juu za Kenya, mita 2,400 hivi. Huko ndiko Eliud Kipchoge amefanya mazoezi miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992 Barcelona. Dunia inamjua Kipchoge kwa siku moja ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hiyo ni chini kidogo ya dakika tatu kwa kila kilomita. Kisichosimuliwa sana ni jinsi anavyokimbia siku nyingine. Wiki ya kambi yao ina siku tatu ngumu: Jumanne kiwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Zilizobaki ni siku nyepesi, na nyepesi kwao ni nyepesi kweli. Hutumia dakika nne, hata tano na zaidi mwanzoni, kwa kilomita moja. Mtu aliyeikimbia safari ile kwa chini ya saa mbili anakubali kwenda polepole, mbele ya macho ya watu, bila kuona haya. Wala habaki kitandani. Anatoka, anavaa viatu, anakwenda polepole.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba sisi tunazijua kasi mbili tu: yote au hapana. Mwalimu akiamka mzito anachagua ama kujikaza afundishe vipindi vyote kwa sauti ile ile mpaka aanguke Ijumaa, ama kuomba ruhusa kwa kisingizio. Katikati hapo pana nchi kubwa ambayo hatuiingii. Kwenye daftari langu la kazi nina ukurasa wa nyuma nilioupa jina “Kazi za siku mbovu.” Humo naandika, siku nikiwa mzima, kazi zisizohitaji kufikiri: kuhakiki namba za kurasa, kulinganisha majina ya picha na orodha, kupanga mafaili. Kwa mwalimu itakuwa kusahihisha maswali ya kuchagua, kujaza mahudhurio, kuwapa wanafunzi kazi ya vikundi waliyokwisha kuandaliwa. Si kutunga mtihani. Si kumwita mzazi kwa mazungumzo magumu. Na uamuzi mkubwa, kama wa kuacha kazi, kuvunja uchumba, kuuza kiwanja, hiyo siku usiuguse kabisa. Uweke kiporo hadi utakapokula na kulala.

Nilisema kuna “mwili umekataa” na kuna “sina moyo.” Hii ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na mimi si daktari wa akili. Nitawaeleza kilichofanyika kwa jirani zetu wa Zimbabwe.

Huko Harare daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana kwa kujiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza kazi na bibi 14. Madaktari hawakuwepo wa kutosha, bibi walikuwepo. Aliwafundisha, akawawekea mabenchi ya mbao nje ya zahanati, chini ya miti. Washona wana neno “kufungisisa,” kufikiri kupita kiasi, na ndilo bibi walilotumia badala ya majina ya kitabibu. Mtu anakaa na bibi kwenye benchi, anamwaga yake yote. Bibi hamwambii ajipe moyo. Anamsaidia kuyataja matatizo moja moja, kisha anamtaka achague moja. Moja tu. Wanatafuta hatua moja ndogo ambayo mtu huyo anaiweza wiki hii, anakwenda kuifanya, anarudi kueleza ilikuwaje. Sehemu ya mwanzo, ile ya kuyataja matatizo, huiita “kuvhura pfungwa,” kufungua akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, kutoka kwa watu 573. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida walikuwa bado na dalili za sonona 50 katika 100. Waliokaa na bibi, 14.

Nimeitafakari sana kazi ya wale bibi. Hawakungoja mtu apate moyo ndipo afanye. Walimpa kitu cha kufanya ambacho hakikuhitaji moyo mkubwa, na moyo ukaja nyuma yake, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Mimi nilikuwa nimelishika jambo hili kichwa chini miguu juu. Nilidhani hamu ni kuni na kazi ni moto. Kumbe mara nyingi unaanza kufanya kwa mkono baridi, na hamu inakukuta ukiwa umefika ukurasa wa tatu.

Na kuna jambo la pili kwenye lile benchi: mtu alionwa. Sisi tunacho kifaa hicho mdomoni na tunakitumia bila kukisikia. “Pole na kazi.” Anayeambiwa hujibu, “Asante, nimeshapoa.” Nimeshapoa! Kana kwamba neno la mwenzako ni maji yaliyomwagwa juu ya chuma cha moto. Kesho mkiingia chumba cha walimu, mwambieni aliyejiinamia pembeni pole na uchovu kabla hamjamwuliza maandalio ya somo yako wapi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo litawakera baadhi ya waliokaa mbele. Mwalimu mwenye wanafunzi tisini katika chumba kimoja, anayetembea kwa mguu kwenda na kurudi, anayesahihisha kwa tochi ya simu, uchovu wake una mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Hakuna mhadhara utakaompunguzia wanafunzi. Ningekuwa mwongo kama ningesimama hapa nikamwuzia ari badala ya madarasa na walimu wenzake. Ninayoyasema ni ya kumwezesha kuishi mpaka hayo yafike, na kupata nguvu ya kuyadai.

Nimalizie na lililonibadilisha kuliko yote. Katika Kiswahili usiku wa leo si wa leo tu. Tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, na watu wa pwani wanakwenda mbali zaidi: usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Kesho imekwisha kuanza magharibi ya leo. Nilikuwa naisema hiyo kauli maisha yangu yote bila kuifuata.

Aliyenifungua masikio ni jirani yangu, mama ntilie karibu na stendi. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri moto wake unawaka. Wakati ule wa damu pungufu nilimwonea wivu nikidhani Mungu amemjalia mwili wa chuma. Siku moja nikamwuliza anatoa wapi nguvu saa zile. Akanishangaa. “Dada, alfajiri mimi sina nguvu kukushinda wewe. Nguvu yangu ni ya jana jioni.” Akanichukua jikoni. Mchele umechambuliwa. Maharage yamelowekwa. Vitunguu vimemenywa, vimefunikwa kwa sahani. Kuni zimekwisha kupangwa katikati ya mafiga, na kiberiti kipo juu ya mfuniko wa sufuria, pale mkono unapofika gizani. “Nikiamka sifikiri,” alisema. “Nikianza kufikiri nitarudi kulala.”

Tangu siku hiyo sifungi kazi jioni mpaka nimeiwekea kuni. Daftari nalifungua ukurasa wa kesho. Kalamu juu yake. Sentensi ya mwisho naiacha nusu, huku nikijua inavyomalizika, ili asubuhi mkono uwe na pa kushika. Mhadhara huu umeandikwa hivyo, na baadhi ya asubuhi zake nilimaliza nusu sentensi ile na nyingine mbili, nikafunga.

Masika yaliyopita jirani yangu aliugua. Jioni alikwenda kupimwa, wakamkuta na malaria, akapewa dawa mseto, akarudi akitetemeka. Nilikwenda usiku kumwambia afunge kesho yake. Akaniambia siku ya homa ameipangia tangu zamani: hakuna wali, hakuna maharage, ni chai na maandazi, na wateja wanajua. Unga ulikuwa umekandwa. Kuni zilikuwa mahali pake. Alfajiri binti yake, aliyekuwa likizo, akanyoosha mkono gizani, kiberiti kikawepo. Mimi nilisaidia kubeba vikombe. Makondakta walikuja, wakanywa, wakamtumia mama pole kupitia kwa mtoto. Saa nne hivi akatoka ndani amejifunga kitenge begani, akakaa kwenye benchi la wateja, akauliza maandazi yamebaki mangapi. Yalikuwa sita. Akaomba mawili na chai ya tangawizi, akala taratibu, akahesabu fedha, akarudi kulala.